Mwaka Niliomwambia Nafula Hakuna Kitu

Siku tuliyomzika Mama, waombolezaji wa mbali walipokwisha kuondoka, tulibaki uwanjani na jamaa na wageni wachache tukinywa chai, na Shangazi Robai, dada mkubwa wa baba yetu, akajipa kazi ya kutambulisha watu. Alipofika kwa dada yangu alimshika bega na kusema kwa sauti ya mtu anayehubiri, "Huyu ni Nafula, kifungua mimba. Huyu ndiye alikuwa na ugonjwa wa moyo akiwa msichana, Mungu akamtoa." Wageni wakasikitika kwa midomo, wakampa Nafula pole ya ugonjwa wa karibu miaka thelathini iliyopita. Nafula, aliyekuwa na andazi mdomoni, alicheka kwa pua hadi chai ikamwagika kwenye leso yake. Baadaye, tukiosha vikombe nyuma ya jiko, aliniambia, "Neke, si wewe ndiye unajua kuandika? Basi andika. Mimi nimechoka kuwa mgonjwa wa moyo." Nilimuuliza kama ana hakika, maana kuna watoto wake na kuna watu wa kanisa lake. Akasema watoto wake wanajua, na kanisa litazoea. Kwa hiyo ninaandika kwa ruhusa yake, na ubaya utakaosomwa humu ni wangu kuliko wa mtu mwingine yeyote.

Sitaeleza babu zetu walitoka wapi wala Baba alipataje nyumba ya kaunsili ya jiji kule Jericho, Nairobi. Inatosha kusema ilikuwa nyumba ya vyumba viwili na jiko, na kwamba vyumba hivyo vilitenganishwa na pazia la maua ya manjano lililozuia macho tu. Nafula alikuwa na miaka kumi na saba, kidato cha tatu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, kidato cha kwanza, na tulilala kitanda kimoja, yeye ukutani. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mwezi wa Februari mwaka huo Nafula alianza kufunga bomba la uani, lile tulilotumia nyumba nne. Mtu akilifungua, analifunga. Majirani walidhani anabania maji, wakamtania kwamba amekuwa askari wa kaunsili kama baba yake, ingawa Baba alikuwa karani tu. Mimi aliniambia sababu. Alisema mwalimu wake wa hesabu alikuwa ndani ya bomba, akimsema. Baada ya wiki mbili aliifunika redio kwa blanketi, akaacha kulala, akaacha kula. Mama alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa maombi wa upande wetu wa mtaa, waliokutana sebuleni kwetu kila Alhamisi alasiri. Alhamisi hizo Nafula alipelekwa kwa Shangazi Robai, aliyekuwa akiishi mtaa wa Huruma siku hizo, na wenzake Mama walipouliza msichana yuko wapi, waliambiwa ana masomo ya ziada. Walimwombea afaulu mtihani. Nilikuwa natia chai kwenye vikombe nikisikia maombi hayo na kuhofia kwamba mtu ataniuliza ni masomo gani.

Mwezi wa Machi Baba aliomba ruhusa kazini siku moja, akavaa tai yake ya ofisini, akampeleka Nafula kwenye ile hospitali ya wagonjwa wa akili ambayo watoto wa mtaani kwetu walitumia jina lake kama tusi. Hawakupanda gari stejini petu. Walitembea mpaka Makadara ili wapande wasikojulikana. Walirudi na bahasha ya kaki yenye vidonge, na Mama akavimimina kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia ulioisha, akauweka juu ya kabati la vyombo, nyuma ya sahani za wageni. Kuanzia siku hiyo nyumbani kwetu viliitwa vitamini. Bahasha nilipewa nikaichome jikoni. Niliisoma kwanza, kwa sababu sijawahi kuchoma karatasi bila kuisoma, na jina refu la dawa lilinikaa kichwani.

Kesho yake alfajiri, Baba akinywa chai kabla ya kwenda kazini, nilimsikia kutoka upande wangu wa pazia akimweleza Mama mambo aliyoambiwa na muuguzi. "Wamesema akisema anasikia watu, tusibishane naye, lakini pia tusikubali. Tumwambie pole, lakini sisi hatusikii." Mama akauliza, "Na nini kingine?" Baba akakoroga chai yake kwa muda. "Wamesema akishikwa na kizunguzungu, ama moyo ukimsumbua, arudishwe haraka, asingoje tarehe." Nimeyageuza maneno hayo mawili kichwani mwangu maisha yangu yote. La kwanza Mama alilifupisha likawa sheria ya nyumba. Aliniita jikoni akaniambia, huku akinishika sikio ingawa sikuwa nimekosa, "Nekesa, dada yako akisema kuna kitu, mwambie hakuna kitu. Usimwongeze mawazo. Ukikubali hata mara moja, utakuwa umemharibu." La pili halikurudiwa tena na mtu.

Vidonge vilifanya kazi, na lazima niseme hivyo kwa haki, kwa sababu nimesikia watu wakisimulia mambo kama haya wakatupa lawama yote kwenye dawa. Kufikia mwisho wa Aprili bomba lilikuwa bomba tu. Nafula alilala. Nafula alikula, tena alikula hata tukaogopa sufuria haitatosha. Nakumbuka Jumapili moja ya chapati na kunde, Mama akimwongezea ya tano na ya sita, uso wake umefunguka kwa furaha, akisema, "Tazama Baba Nafula, mtu mgonjwa anaweza kula hivi?" Baba alitabasamu akamsukumia Nafula na yake. Dada yangu alikuwa amenenepa mashavu, alikuwa mwepesi wa kusinzia, na akisimama kutoka kwenye kiti alishika meza kwanza. Hilo la kushika meza sote tuliliona. Mama alisema ni uzito wa chapati, na sote tukacheka, Nafula mwenyewe akiwa wa kwanza.

Mwezi wa Mei mwalimu wetu wa bayolojia alitufundisha kutafuta mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono. Alituamuru tukahesabu ya watu wa nyumbani kwa dakika moja na kuleta hesabu darasani. Nilifika nyumbani na bidii zangu nikaanza na Baba, nikimwangalia yeye na saa ya ukutani kwa zamu. Ya Baba yalikwenda polepole na sawasawa, kama mtu anayepiga misumari bila haraka. Ya Mama yalikuwa ya kasi kidogo, na alinikemea nimwache amalize kuchambua mchele. Kisha nikamshika Nafula. Nilipata mapigo yake mara moja, mbio mno kwa mtu aliyekuwa ameketi. Halafu, kabla ya dakika kuisha, hapakuwa na kitu chini ya kidole changu. Nilingoja. Yakaja mawili kwa pamoja, mazito, kama mtu aliyechelewa akigonga mlango. Nikaanza upya nikidhani nimekosea, na jambo likawa lilelile. Nafula alikuwa akinitazama usoni. "Unasikia?" aliniuliza kwa sauti ya chini. "Neke, moyo yangu inaruka, ama?"

Mama alikuwa hatua mbili kutoka pale, na ungo wake magotini. Aliinua macho. Nilijua anangoja nini. "Hakuna kitu," nilisema. "Iko sawa." Nafula akaurudisha mkono wake mapajani akautazama. Darasani nilipeleka hesabu ya Baba, ya Mama, na nyingine niliyoitunga.

Baada ya hapo nilimhesabu kwa siri. Asubuhi kabla hatujaamka, huku yeye bado amelala, nilikuwa naweka vidole viwili pale na kusikiliza. Siku nyingine mapigo yalikuwa mazuri hadi nikajilaumu kwa uzushi. Siku nyingine yaliruka mara tatu au nne kabla mshale wa saa haujazunguka. Naye aliendelea kuniuliza. Tulikuwa tukifua uani ananong'ona, "Manze, moyo inapiga hapa kooni kama samaki." Tulikuwa tukitoka shule, anasimama ghafla kando ya barabara, mkono kifuani, vumbi la Jogoo Road likitupita. "Sasa hivi, Neke. Shika." Nilikuwa nashika. Nilikuwa nausikia moyo wake ukisita na kukimbia, kisha namtazama dada yangu machoni na kumwambia hakuna kitu, twende, tutachelewa. Sikuwa mtoto mdogo. Nilijua ninachokifanya ni uongo, lakini nilikuwa nimeambiwa kwamba ukweli ndio utakaomharibu, na aliyenifundisha hivyo ni mtu niliyemwamini kuliko wote.

Nilijaribu mara moja. Ilikuwa Jumamosi ya Juni, Mama akisonga ugali, na nilimwambia kwamba nadhani moyo wa Nafula una shida ya kweli. Hakunikasirikia. Alishusha mwiko, akaniambia nifunge mlango wa jiko. "Wewe unataka nini? Unataka nimrudishe kule niseme anasikia moyo wake ukiruka? Watamlaza. Akilazwa wiki moja, mtaa mzima utajua. Shule itajua. Nani atamwoa? Nani atampa kazi? Na bado ana nafuu, mwana wangu, si unaona ana nafuu?" Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta, kwa sababu mikono yake ilikuwa na unga. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonifunga mdomo zaidi ya hofu. Baba alipompeleka Nafula kuchukua vidonge vya mwezi uliofuata, alirudi akajigamba mezani. "Wamemuuliza kama kuna shida yoyote, akajibu mwenyewe kwa adabu, hakuna kitu." Mama alisema asifiwe Bwana. Nafula alikuwa akila mrenda na kichwa chake kimeinama. Mimi peke yangu ndiye niliyetambua jibu hilo limetoka wapi.

Mwezi wa Agosti tulikwenda nyumbani ushago, kijijini kwetu magharibi mwa Kenya, familia nzima, kwa sababu mtoto wa baba mdogo alikuwa akitahiriwa na haikuwezekana kukosa. Nafula alicheza ngoma kidogo, akaketi, akacheza tena. Tulikaa siku kumi. Baba alibaki kumalizana na wazee kuhusu mpaka wa shamba, sisi wanawake tukarudi Jericho. Sasa, mtu wa magharibi anayeishi Nairobi ana sheria zake, na moja ni hii: ukitoka nyumbani unarudi na malaria, na malaria ya nyumbani haihitaji daktari kuitambua. Mwili ukichemka wiki ya kwanza, unatuma mtu kemisti, kwenye duka la dawa. Nafula alichemka Ijumaa. Jumamosi asubuhi alikuwa anatetemeka chini ya mablanketi mawili, na Mama akanituma nikanunue dawa, ile mpya, si ile chungu ya zamani, kwa sababu Mama Achieng jirani yetu alisema ile mpya inaangusha malaria kwa siku moja.

Aliyekuwa dukani pale sokoni alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, mwenye subira. Aliniuliza umri wa mgonjwa. Kisha akaniuliza, "Kuna dawa nyingine anatumia?" Nyuma yangu walikuwa wamesimama watu wawili wa mtaa wetu, mmoja wao msichana wa darasa la Nafula. Nikasema, "Hapana." Akashika pakiti lakini hakunipa. "Hana shida ya moyo? Hii si nzuri kwa mtu wa moyo." Nikamwambia, "Hana." Nimekuwa mama, nimekuwa mwalimu, nimesema mambo ya kijinga mengi, lakini hakuna neno nililowahi kulisema ambalo ningelipa chochote nilirudishe mdomoni kama hilo. Nilitembea hadi nyumbani nikijiambia kwamba mara ya mwisho kumhesabu, kabla ya safari, yalikuwa mapigo mazuri. Nilimwona Mama akimpa vidonge vile na chai ya rangi. Jioni akampa na kidonge chake cha vitamini, kwa sababu Mama hakuwahi kukosa saa ya kidonge kile hata siku moja.

Jumapili kama saa nne, watu wakiwa wanajitayarisha kwenda ibada ya pili, Nafula aliamka kwenda msalani. Homa ilikuwa imepungua, hata alikuwa ameomba uji. Nilimsikia akifungua mlango wa uani, kisha nikasikia karai likigongwa. Nilimkuta chini, kando ya bomba, macho yamegeuka. Nilimshika mkono kabla sijapiga kelele. Chini ya vidole vyangu hapakuwa na mapigo, palikuwa na mtetemo mdogo mdogo tu, na nikaita jina lake na la Mama kwa pamoja. Akazinduka. Akaniangalia, akasema "Nini?" kama aliyeamshwa usingizini. Tulimkalisha, akazimia tena mikononi mwa Mama, akazinduka tena. Mume wa Mama Achieng alikuwa na pikapu. Tulimlaza nyuma juu ya godoro, Mama, Mama Achieng, na mama mwingine mmoja wa maombi wakiwa wamemzunguka na nguo zao za kanisa, wakiomba kwa sauti hadi kwenye mlango wa hospitali. Mimi sikuomba. Nilikuwa nimeshika mkono, nikihesabu.

Daktari alikuwa msichana, nadhani hakuwa amefikisha miaka ishirini na minane, mwembamba, koti lake likimpwaya. Alimtazama Nafula macho na ulimi, akasikiliza kifua, akauliza tumetoka wapi. Mama akaeleza: ushago, homa, malaria. "Amekunywa nini?" Mama akamtolea pakiti. "Dawa nyingine yoyote? Ya kila siku?" Mama Achieng alikuwa amesimama upande wa kichwa, yule mwenzake miguuni. Mama alinyoosha kitambaa chake cha kichwani. "Hakuna," alisema. Daktari akamgeukia muuguzi akamwambia malaria imempanda kichwani, atundikiwe dripu ya kwinini. Muuguzi akaanza kufunga mpira mkononi mwa Nafula, akitafuta mshipa. Nilikuwa natazama sindano. Nilijua kwamba sheria ya nyumba inasema ninyamaze, na nilijua kitu kingine, kwa uhakika wa vidole vyangu, na vitu hivyo viwili havikuweza kukaa pamoja tena.

"Anatumia dawa za akili," nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Tangu Machi, kila siku jioni. Hata jana. Na moyo wake unaruka tangu Mei." Muuguzi akasimama na sindano. Mama alisema, "Nekesa," mara moja tu, si kwa ukali. Daktari alimwekea muuguzi mkono begani kumzuia, akanisogelea. "Dawa gani?" Nikamtajia lile jina refu nililolisoma kwenye bahasha, na nilipoona hakuamini kwamba nimelitamka sawa, nikamtajia herufi moja moja. Hakungoja nimalize. Aliita mtu alete mashine ya moyo, akawaomba akina mama watoke nje. Mama Achieng alitoka bila kumtazama Mama usoni. Wakamfunga Nafula nyaya kifuani na miguuni, karatasi ikaanza kutoka, na daktari akaisoma ikiwa bado inatoka, na akasema neno ambalo daktari hapaswi kulisema mbele ya watu.

Alitueleza baadaye, akiwa ameketi kwenye benchi pamoja nasi. Alisema moyo baada ya kila pigo hupumzika kidogo ukijiandaa kwa linalofuata. Vidonge vya Nafula kwa baadhi ya watu hukawiza kujiandaa huko, ndiyo maana ulikuwa ukiruka. Dawa ile ya malaria nayo inafanya hivyohivyo. Zilipokutana, moyo ulichanganyikiwa ukaanza kutetemeka badala ya kupiga, na kila ulipotetemeka alianguka. "Na ile dripu?" niliuliza. Aliitazama sakafu. "Kwinini nayo ni hivyohivyo. Ingekuwa ya tatu," alisema. Mama alikuwa ameshika mkoba wake wa kanisa kwa mikono miwili. Aliuliza swali moja tu, na mpaka leo linaniuma kulikumbuka. "Kwa hivyo wakati alisema moyo, ulikuwa moyo?" Daktari akasema ndiyo, mama, ulikuwa moyo.

Siku mbili alikuwa kwenye mashine na hatukuruhusiwa kukaa naye. Walimpa dawa nyingine ya malaria, wakasimamisha vidonge, wakawasiliana na hospitali ile ya kwanza ambako baadaye alibadilishiwa dawa akawa anapimwa moyo. Nyumbani, siku zile mbili, Mama hakunisemesha. Nilipika, akala kidogo, tukakaa pande mbili za pazia. Alhamisi akina mama wa maombi walikutana kwa Mama Achieng, na tukaambiwa kwa upole kwamba Mama amepumzishwa uenyekiti ili ashughulikie mgonjwa. Hakurudishiwa kamwe. Pale ndipo, nadhani, Mama alipoanza kuujenga ule ugonjwa wa moyo ambao Shangazi aliutangaza mazishini. Haukuwa uongo mtupu, ndiyo maana ulidumu. Moyo ni kitu cha heshima. Mtu anaweza kuombewa moyo hadharani, na Mama alihitaji kitu cha kushika. Sijawahi kumlaumu kwa hilo. Kwa yale mengine nimemlaumu na kumsamehe mara nyingi, na sasa hayupo wa kuambiwa.

Kabla ya Alhamisi hiyo, Jumatano, ndipo tuliporuhusiwa kumwona, saa za wageni mchana. Baba alikuwa amefika asubuhi na basi kutoka nyumbani, na vumbi bado liko kwenye viatu vyake. Yeye na Mama waliitwa kuzungumza na daktari, nikabaki na Nafula peke yangu. Alikuwa ameegemea mto, midomo imekauka, gauni la hospitali limefungwa visivyo. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa nimemwaibisha mbele ya Mama Achieng, na kwa Jericho hiyo ni sawa na kutangaza kwa kipaza sauti. Msichana wa darasa lake alikuwa amekwisha kuja mlangoni kwetu kuuliza kama ni kweli.

"Daktari amenionyesha ile karatasi," alisema. "Amesema wewe ndiye ulimwambia. Amesema ulikuwa unahesabu."

"Ee."

"Tangu lini?"

"Tangu Mei. Tangu ile siku ya homework."

Kitanda cha pili mama mmoja mzee alikuwa akilishwa uji na binti yake, na nilikaza macho kwenye kijiko kile kwa kuwa sikuweza kumtazama dada yangu. "Nafula, nilikudanganya," nilisema. "Kila mara ukiniuliza. Nilikuwa nasikia. Nisamehe."

"Ulikuwa unasikia nini? Niambie vile ilikuwa."

"Inapiga mbio. Halafu inasimama. Unangoja, halafu inapiga mbili pamoja, kwa nguvu."

Akavuta blanketi akajifunika uso. Mabega yake yalianza kutikisika, na nilijua nimeuua udugu wetu, nikainuka niende nikamngoje Mama nje. Akanishika sketi. Alipofunua uso ulikuwa umelowa, lakini alikuwa anacheka, kicheko chake cha zamani, ambacho sikuwa nimekisikia tangu Februari. "Kumbe haikuwa kichwa yangu," alisema. "Manze, Neke, mimi nilidhani ni kichwa. Nilidhani ile sauti imetoka kwa bomba imehamia hapa ndani." Akajigonga kifua. "Nilikuwa najiambia, hata moyo wangu mwenyewe siwezi kuamini tena. Nilikuwa nalala hapo kando yako nikijiambia hivyo." Alisema haya kwa furaha, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Mimi ndiye niliyelia. Miezi mitatu nilikuwa na jibu lake, naye amelala umbali wa kiganja kutoka kwangu akidhani hakuna sehemu yake iliyobaki nzima.

Hakutaka pole yangu. Alitaka nirudie. Saa nzima ya wageni aliniuliza upya, kama mtoto anayetaka kusimuliwa hadithi ileile: ilikuwa inaruka kweli? Hata ile siku barabarani? Hata tukifua? Nikamjibu kila mara, ndiyo, hata siku ile. Kengele ya kututoa ilipolia, Mama na Baba walikuwa wamesimama mlangoni mwa wodi wakinisubiri, na muuguzi ananiharakisha. Nafula akaniita kutoka kitandani aniulize mara ya mwisho. Nikageuka nikamjibu kwa sauti ya juu, wagonjwa wakitutazama na wazazi wetu wakisikia, kwamba ulikuwa unaruka, Nafula, uliruka kweli, na mimi niliusikia.